Namna ya kutengeneza fasineta za manyoya bila kumuacha jogoo wa jirani uchi

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi, msimu ule hela ya tumbaku imeshatoka na kila wikendi kuna harusi tatu, oda za fasineta, vile vikofia vidogo vya mapambo vya kubana kichwani, zilinizidi, nikawaambia watoto wa mtaani kwetu hapa Ng'ambo, Tabora mjini, atakayeniletea fungu la manyoya ya mkia wa jogoo nampa mia tano. Niliwaza wataokota tu, si yapo kila ua, kuku wanapukutisha kila siku. Siku mbili za mwanzo wakaleta ya kuokota kweli, mengine yana kinyesi, mengine yamevunjika katikati. Siku ya tatu akaja dogo mmoja na fungu safi kabisa, linang'aa kijani na bluu ukiligeuza kwenye mwanga, nikafurahi, nikamlipa. Jioni nasikia jirani analalamika uani kwake, nikachungulia, nikamuona jogoo wake yule mkubwa wa kikuchi kasimama kwenye kivuli cha mwembe hana mkia kabisa, nyuma kwekundu ndi na vidoa vya damu, afu hatembei kama jogoo, kajiinamia kama kafumaniwa. Na mi manyoya yake yako mezani kwangu.

Yule mtoto sikumwambia akanyonyoe mtu jogoo. Nilitaja bei tu, bei ikaenda kufanya kazi yenyewe. Kwa hiyo huu mwongozo wa kupata manyoya, kuyasafisha, kuyatia rangi na kuyashona, naanzia hapo hapo, unyoya ulitokaje kwa ndege, maana mambo ya sindano na gundi ni marahisi, wiki moja umeshayajua.

Yangeyange na kofia za Wazungu

Nivumilie kidogo kwenye historia, haitakuwa ndefu. Ukiwa Tabora unawajua yangeyange, hawa weupe wanaotembea nyuma ya ng'ombe wakidaka panzi, na wale warefu zaidi utawakuta bwawa la Igombe wamesimama kwenye maji kama wanasubiri mtu. Wale warefu wakifika msimu wa kutaga wanaota manyoya mgongoni, membamba kama nyuzi, meupe pee. Miaka ya mwisho mwisho ya 1800 hayo ndo yalikuwa fasheni ya kofia London, Paris na New York, na ilifika mahali wakia moja ya hayo manyoya inauzwa ghali kuliko wakia ya dhahabu. Sasa shida ni kwamba yanaota wakati wa kulea watoto tu, kwa hiyo wawindaji walikuwa wanawafuata kwenye viota, wanapiga risasi wazazi, wanachuna mgongo, wanatupa mzoga, na juu ya mti vifaranga vinalia mpaka njaa inavinyamazisha. Mwaka 1902 kwenye minada ya London peke yake yaliuzwa manyoya ya ndege waliokadiriwa kukaribia 193,000. Kuna mtaalamu wa ndege Mmarekani, Frank Chapman, mwaka 1886 alitembea mitaa ya New York mara mbili akihesabu kofia za kina mama, akapata kofia 700, na 542 zina ndege au manyoya juu yake, aina 40, wengine ndege mzima kakaushwa kawekwa kichwani na mabawa yake.

Florida kulikuwa na mlinzi wa ndege anaitwa Guy Bradley, akapigwa risasi mwaka 1905 akiwazuia wawindaji. Mtu kafa kwa ajili ya kofia, hebu fikiria.

Ila kinachonifurahisha ni kwamba waliokataa walikuwa wanawake hao hao wavaaji. Uingereza mwaka 1889 Emily Williamson alianzisha kikundi cha kina mama Didsbury, kule Manchester, na kikundi hicho kikaungana na wengine kikawa chama kikubwa cha kulinda ndege ambacho kipo mpaka leo. Sharti lao lilikuwa fupi, mwanachama hatavaa manyoya ya ndege yeyote ambaye hakuuawa kwa ajili ya chakula, mbuni peke yake ndo wakamtoa kwenye hilo katazo. Ilichukua muda, lakini Marekani ikapata sheria ya ndege wahamao mwaka 1918 na Uingereza ikapitisha ya kuzuia manyoya kuingizwa nchini mwaka 1921. Hilo sharti la kina mama ndo natumia mi hapa Ng'ambo, nimeongeza langu moja tu la bei ambalo nalieleza chini.

Pa kuyapata

Chanzo namba moja ni mchinja kuku wa sokoni. Usitafute mbali. Kila siku pale soko kuu manyoya yanajaa kwenye viroba yanaenda kutupwa, ya jogoo, ya mitetea, siku nyingine na ya bata. Kuku yule anakwenda kuwa supu, hajafa kwa ajili ya kofia yako, wewe unaokoa kilichokuwa kinaenda jalalani. Ongea naye vizuri, umwombe kabla hajatumbukiza kuku kwenye maji ya moto akunyonyolee kwanza makavu ya maeneo matatu: shingoni, mgongoni karibu na mkia, na mkia wenyewe. Yakishapita kwenye maji ya moto na damu na utumbo utayasafisha mpaka uchoke. Na msisitize kuku awe amekufa kabisa, ametulia, maana kuna wachinjaji wana haraka, bado anatapatapa wao wameshaanza kunyonyoa, nimeona kwa macho yangu nikasema hapana kaka, tusubiri.

Hapa ndo sharti langu la bei linaingia. Usilipe kwa unyoya. Usilipe kwa fungu. Mi nampa kaka yangu wa sokoni elfu mbili kwa wiki, awe kaniletea kiroba au kiganja kimoja ni ile ile, namlipa usumbufu wa kutenganisha, basi. Siku utakayosema unyoya mrefu mia, unyoya mfupi hamsini, umeshaanza kumtafutia jogoo wa mtu matatizo. Na watoto usiwape hela kabisa kwa hii kazi, wape karanga au visheti ukitaka kuwashukuru.

Chanzo cha pili ni kuokota. Kuku wakibadilisha manyoya, bandani asubuhi unakuta yamelala chini, na kanga wa kufugwa ndo wazuri zaidi kwa vile vidoti vyao vyeupe. Jifunze kuangalia kitako cha unyoya. Ulioanguka wenyewe kitako chake ni kikavu, cheupe, kimefunga kama kucha. Ulionyofolewa kwa ndege hai unaweza kukuta damu iliyoganda au kigozi kimeng'ang'ania, na unyoya mchanga ambao bado unakua una damu ndani ya mrija, ukiuminya unaona weusi weusi. Huo usinunue hata ukipewa bure. Unyoya uliokomaa ni mfu kama ukucha, kuukata juu hakumuumi ndege, lakini kuung'oa ni habari nyingine maana mzizi umeshikwa kwenye ngozi yenye hisia kama yako.

Tahadhari moja kubwa, usiokote penye kuku waliokufa na mdondo. Kideri hicho kinasafiri na manyoya, viatu, tenga, kila kitu, utakipeleka kwako na kwa majirani na mtaa mzima utabaki bila kuku kiangazi kizima. Kama unafuga mwenyewe chanjo ya matone ya jicho ni hela ndogo sana, chanja.

Chanzo cha tatu ni mitumba. Kofia za zamani za kizungu zinakuja kwenye mabelo, mara nyingi zimebonyea hakuna anayezitaka, unanunua kwa elfu moja unafumua manyoya unayafua. Ndege alishakufa miaka hiyo, hakuna mtu anaenda kumwinda mwingine kwa sababu wewe umefumua kofia ya bibi wa watu. Ila ukiona linafanana na la ndege wa porini liache, maana hutaweza kumweleza mtu limetoka wapi.

Ya kukataa

Kwanza ya porini, yote. Nasema yote kwa sababu sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 inaposema nyara inataja na manyoya, na mayai, sio pembe za ndovu tu kama watu wanavyodhani. Ukikutwa na manyoya ya mnyamapori bila kibali hizo ni nyara za serikali, utajieleza vizuri sana. Kuna jamaa alishawahi kunijia dukani na mfuko wa rambo, anafungua kwa siri kama anauza bangi, ndani manyoya mekundu ya shorobo. Mazuri, siwezi kudanganya. Nikamwambia kaka, haya hapana. Akasema dada, ndege alishakufa tayari, yataoza bure. Nikamwambia nikinunua haya kesho utaniletea mengine ambayo ndege wake leo bado yuko hai. Akakaa kimya kidogo, akacheka, akafunga mfuko wake. (Na kwa taarifa tu, ule wekundu wa shorobo una madini ya shaba ndani yake na ukiulowesha kwenye maji ya sabuni unachuja, kwa hiyo hata kikazi haukufai.)

Korongo taji ndo kabisa usiguse, ndege huyo yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Na kanga angalia, yuko wa kufugwa na yuko wa porini na manyoya yao yanafanana, kwa hiyo nunua kwa mtu ambaye umeliona banda lake.

Mbuni, hapa watu wananibishia. Wale kina mama wa Uingereza walimtoa mbuni kwenye katazo kwa sababu alikuwa anafugwa Afrika Kusini, Oudtshoorn huko, na unyoya wake unakatwa kwa mkasi akiwa hai, unaota tena. Biashara ilikuwa kubwa kweli, mpaka 1914 fasheni ilipogeuka na vita ikaanza, wafugaji wakafilisika. Sa hizi mbuni wa shambani anachinjwa kwa ngozi na nyama na manyoya yanakuja pamoja. Kwa hiyo kwa sharti la chakula anaweza kupita, ila mi siyatumii kwa sababu rahisi, nikiwa Tabora siwezi kujua kama hili fungu limetoka shambani Afrika Kusini au limetoka kwa mbuni wa porini wa hapa hapa nchini, na aliyeniuzia naye hajui. Kama hujui, liache.

Halafu kuna ya paketi kutoka Kariakoo, yale ya rangi za kupiga kelele na yale marefu ya kuzungushia shingo. Mengi yanaitwa marabu. Zamani jina hilo lilikuwa haki yake, yalitoka kwa yule korongo mwenye upara na mfuko shingoni anayeshinda majalalani, manyoya laini ya chini ya mkia, ni ajabu ndege mwenye sura ile kuwa na kitu laini vile. Leo yanayouzwa kwa jina hilo kwa kawaida ni ya bata mzinga. Tatizo la paketi ni kwamba haisemi ndege alikufaje wala alinyonyolewa mara ngapi, na kuna sehemu duniani bata bukini wananyonyolewa wakiwa hai kwa ajili ya majaketi na mito, wakiota tena wananyonyolewa tena. Ukiona jaketi la mtumba limeandikwa "down" ndani, ujue limejazwa manyoya laini ya bata au bata bukini. Wenzetu wa mitindo huko nje nao wameanza kubanwa, wiki ya mitindo ya Copenhagen imepiga marufuku manyoya ya ndege wa porini jukwaani kuanzia 2025.

Muuzaji akikwambia ni bandia usimwamini mdomo, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. La kweli linanuka nywele zilizoungua na linabaki jivu la kusagika. La plastiki linayeyuka linafanya kigololi kigumu. Mi nilishawahi kuuziwa "bandia, dada, hakuna ndege hapo", nikafika nyumbani nikachoma, nyumba nzima ikanuka saluni.

Kusafisha

Weka manyoya kwenye mfuko wa nailoni ufunge kwa nguvu, uweke kwenye friza siku tatu, viroboto na utitiri wafe. Mi friza sina, naweka kwa mama wa duka la jirani, chini kabisa ya barafu za ukwaju, alikubali kwa sharti nifunge mifuko miwili na nisimwambie mteja yeyote.

Baada ya hapo beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo tu. Usisugue kwa kukunja, yapitishe katikati ya vidole kutoka kitakoni kwenda nchani, upande mmoja siku zote. Yakitoka kwenye maji yatakuwa ya kusikitisha, yamenyong'onyea kama paka kanyeshewa, usiogope. Suuza maji matatu. Jiki usiweke! Nilitaka meupe zaidi siku moja nikaloweka na jiki usiku kucha, asubuhi nakuta uji, nyuzi zote zimeyeyuka imebaki mirija mirija inaelea. Jiki inakula manyoya kama inavyokula sufu na nywele.

Kukausha, tafuta foronya ya zamani, tia manyoya ndani, funga mdomo, ning'iniza kwenye kamba kivulini penye upepo, kila ukipita ipige piga na kuitikisa. Upepo wa Tabora wa Julai unakausha kwa nusu siku na yanatoka yamefutuka kama yamezaliwa upya. Lililobaki limepinda vibaya lipitishe juu ya mvuke wa birika huku unalinyoosha kwa vidole, linarudi lenyewe. Zile nyuzi zikiachana, ziminye tu kwa vidole ukizivuta kwenda juu, zina vikulabu vidogo sana vinashikana kama zipu.

Rangi

Ya kuchi na ya kienyeji meusi yenye kung'aa usiyatie rangi, ni dhambi ndogo, acha yalivyo. Meupe ndo ya rangi. Natumia ile rangi ya unga ya kusukia mikeka, inashika vizuri. Maji lita mbili kwenye sufuria ambayo hutapikia tena, kijiko kidogo cha rangi, nusu kikombe cha siki. Moto uwe mdogo, maji yawe ya moto wa kutoweza kuweka kidole lakini yasichemke yakatokota. Manyoya yaingie yakiwa yameloa tayari nusu saa kwenye maji ya sabuni, la sivyo yanaelea juu na mafuta yao na rangi inashika madoa madoa. Dakika ishirini, unageuza geuza kwa kijiti. Ukitoa, suuza mpaka maji yawe meupe kabisa, rudia tena, na hapo naongea kwa uchungu kwa sababu kuna mama wa bwana harusi alipigwa na jua kanisani, jasho likashuka, fasineta yangu ya zambarau ikamchuja mpaka kwenye kola ya gauni la krimu. Nilirudisha hela yote na dobi nikalipa mimi. Jaribio lake ni rahisi, kandamiza unyoya mbichi kwenye kitambaa cheupe, kikibaki cheupe umemaliza.

Kushona

Chora duara kwa kibakuli, kama sentimita kumi kwenda kumi na mbili, kwenye kile kitambaa kigumu mafundi wanachoweka ndani ya kola. Kata mawili, yashone pamoja, yavishe satini. Panga manyoya kwanza mezani bila kushona, mpangilio ukikaa ndo uanze. Marefu chini, yale yanayopinda ya mkia, jogoo mmoja ana makubwa mawili tu ya kupinda hasa, kwa hiyo yaheshimu, usiyaweke sita kwenye kofia moja halafu ukakosa ya oda nyingine. Juu yake ya mgongoni, juu kabisa yale madogo ya shingoni yanayofunika vitako. Fasineta ya kawaida inakula kumi na tano mpaka ishirini, yote ya kuku mmoja, mwenzake wa supu.

Gundi ya moto ile ya bunduki tumia kushikiza tu, kisha shona kila mrija kwa uzi mara tatu nne. Wengi hawashoni. Oktoba hapa gari likikaa juani nje ya ukumbi, gundi inalainika, na mi nimeshaona kwa macho unyoya wa fasineta ya mtu umeanguka kwenye sahani ya pilau ya mjomba wa bibi harusi. Haikuwa kazi yangu, namshukuru Mungu. Ukitaka nyuzi zijikunje, buruta unyoya juu ya mgongo wa kisu taratibu kama unavyokunja utepe wa zawadi. Au tafuta kidimu, yule kuku manyoya yake yamejikunja toka kuzaliwa, hana kazi nyingine.

Mwisho kitana kidogo au kibanio chini, kishonwe, na neti kama mteja anataka.

Kama hutaki manyoya kabisa

Kuna wateja hawataki kitu cha ndege hata kama ni cha supu, na mi nawaelewa, maana hata huyo kuku wa sokoni ukimuona alivyoletwa kutoka vijijini Uyui, miguu imefungwa, kichwa chini kwenye pikipiki saa mbili, huwezi kusema safari yake ilikuwa njema. Ya plastiki siwapi, yanavunjika haraka yanaishia kuchomwa. Nawatengenezea ya maganda ya mahindi. Chukua maganda ya ndani, yale laini meupe, loweka, tia rangi kama hapo juu (hayashiki sana, yanatoka rangi ya kupoa, na inapendeza), yakaushe chini ya godoro yasijikunje. Likiwa na unyevu kidogo kata umbo la unyoya, gundisha waya mwembamba katikati, halafu kwa kiwembe kipya chanja chanja pande zote mbili kwa kulaza, mikato ya karibu karibu, usifike kwenye waya. Chana na kitana cha meno membamba. Ukisogea mita mbili hujui kama ni ganda. La kwanza litakuchukua nusu saa na utakata tamaa, la kumi dakika tano. Vitambaa vya mabaki ya fundi, satini na vitenge, nayo unaweza kuvichambua nyuzi pembeni hivyo hivyo.

Kumwambia mteja

Usisubiri aulize. Mi kila fasineta nafunga kikaratasi, jogoo wa soko kuu Tabora, au kanga wa kuokota, au mahindi. Mwanzoni niliogopa watadharau, mtu kaja na picha ya harusi ya Ulaya kwenye simu we unampa kuku. Mama mmoja alinishangaa wazi wazi, "Mwanangu, nitavaa manyoya ya kuku kanisani?" Nikamwambia mama, haya ya kwenye picha yako nayo ni ya kuku, wamepaka rangi tu na kuyaita jina la Kifaransa. Akavaa. Dada zake wakaja wiki iliyofuata wanne.

Kuhifadhi, sanduku kavu, gazeti, na majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya nondo, badilisha kila miezi miwili. Usifunge nailoni mvua zikianza, yanapata ukungu.

Yule jogoo wa jirani mkia ulimrudia, kama miezi mitatu hivi, mrefu kuliko wa mwanzo, na mi nilishaenda kuomba radhi na debe la pumba siku ile ile. Desemba iliyopita walimchinja, wageni walitoka Urambo. Asubuhi yake jirani akamtuma binti yake na mkia mzima umefungwa kwenye gazeti, haujaloa hata kidogo. Nikamuuliza binti, mama kasema ni shilingi ngapi? Akacheka akakimbia.